Siku ya Tatu Mpe Jembe: Habari za Mji wa Cavalese

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika mazungumzo haya methali hizo mbili zitasafiri pamoja hadi mji mdogo wa milimani uitwao Cavalese, kaskazini ya nchi ya Italia. Watu wengi huenda huko kutembea milimani, kuteleza juu ya theluji na kula vyakula vya wenyeji. Siku mbili za mwanzo mgeni hufurahia anachokiona na anachokila. Yule akaaye hadi siku ya tatu, akataka kujua furaha hiyo imetoka wapi, ndiye huonyeshwa jembe. Hapo hutambua kwamba mengi aliyoyapenda hutokana na mali ambayo watu wengi huimiliki na kuitunza kwa pamoja. Kwa sababu hiyo habari za Cavalese zinastahili kusikilizwa na watu wa ushirika.

Yafaa ielezwe mapema kwamba shabaha si kuwasifu watu wa Ulaya. Watu wa Cavalese wamepata mafanikio, na wamepata misiba. Tena mmoja wa misiba hiyo ulitokana na uzembe wa wanadamu waliopewa dhamana. Mafanikio yana mafunzo yake, na msiba una mafunzo yake.

MJI NA BONDE LAKE

Cavalese umo katika mkoa wa Trento, kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Wakazi wake ni kiasi cha elfu nne tu, idadi ambayo haizidi ile ya kata moja. Hata hivyo ndio mji mkuu wa bonde liitwalo Val di Fiemme, lililochimbwa na mto Avisio kati ya safu mbili za milima. Upande wa kusini ni milima ya Lagorai, ambayo miamba yake ya rangi ya kutu ilizaliwa na volkeno za zama za kale. Upande wa kaskazini ni Latemar, yenye majabali ya rangi ya kijivu ambayo jua linapotua hugeuka kuwa kama waridi. Kati ya majabali na mto kuna msitu mkubwa, na kati ya msitu na nyumba kuna malisho. Wakati wa baridi theluji huufunika mlima kwa miezi mingi.

Nchi hiyo ilikuwa chini ya dola ya Austria hadi mwaka 1918, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikawa sehemu ya Italia. Wakati wa vita hiyo ilijengwa reli nyembamba ya kupanda bondeni kutoka mji wa Ora. Reli hiyo ilifungwa mwaka 1963. Siku hizi mgeni hufika kwa basi au kwa gari, na sehemu ya njia ya zamani ya reli hutumiwa na watembeao kwa miguu na waendeshao baiskeli. Watu wa huko hawakukiacha kitu kilichokwisha kazi kioze. Walikitafutia kazi nyingine.

SIKU YA KWANZA: MEZANI

Mgeni afikaye jioni hukaribishwa kwanza mezani. Huletewa bakuli la supu lenye madonge makubwa kama ngumi ya mtoto, yaitwayo canederli. Madonge hayo hufanywa kwa mkate mkavu uliobaki tangu juzi, ukalowekwa katika maziwa, ukachanganywa na mayai na unga kidogo, na kutiwa vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Kwa asiyekula nguruwe yapo yaliyotiwa jibini, na yapo yaliyotiwa mboga za majani. Huhitaji kuambiwa na mtu kwamba chakula hiki hakikubuniwa katika jumba la mfalme. Kilibuniwa na mama wa nyumbani aliyekuwa na watoto wengi, majira ya baridi marefu, na mkate usiotakiwa kutupwa.

Baadaye huja polenta. Msomaji hatapata shida kuitambua, maana ni ugali wa mahindi, ila unga wake ni wa njano na hukorogwa kwa muda mrefu katika chungu cha shaba kwa mwiko wa mti. Huliwa na uyoga wa msituni, na soseji, na mchuzi wa nyama ya kuwinda, au na jibini iliyoyeyushwa. Mwisho huletwa andazi la matufaha liitwalo strudel, na matufaha hulimwa kwa wingi katika mabonde jirani ya mkoa huo huo.

Lakini kitu ambacho mgeni hakisahau ni jibini iitwayo Puzzone di Moena. Neno puzzone maana yake ni kitu chenye kunuka sana, na wenyeji hawaoni haya kulitaja. Jibini hii hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe yasiyochemshwa. Kila juma mapande yake ya mviringo husuguliwa kwa maji ya uvuguvugu, pengine yenye chumvi kidogo, hata ganda likapata utando wa mafuta. Utando huo huzuia hewa, na ndani yake jibini huendelea kuiva, ikapata harufu kali na ladha nzito. Haiuzwi kabla ya kutimiza siku 90, na ile iliyokomaa zaidi husubiri siku 150 au zaidi.

Tangu mwaka 2013 jina la jibini hiyo limelindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya. Mtu haruhusiwi kuliandika juu ya bidhaa yake ila awe ameitengeneza katika mabonde yaliyotajwa na kwa kanuni zilizoandikwa. Mojawapo ya kanuni hizo hukataza kuwalisha ng'ombe majani yaliyovundikwa, kwa kuwa vijidudu vyake huweza kuiharibu jibini ya kukaa muda mrefu. Ng'ombe hula majani mabichi wakati wa joto na majani makavu wakati wa baridi.

Hapo ndipo penye hesabu ya maana. Mfugaji wa mlimani ana ng'ombe wachache, malisho yake yameinama kama paa la nyumba, na majani yake huyakata kwa taabu. Akiuza maziwa matupu, hushindana na mfugaji wa uwanda wa chini mwenye ng'ombe mamia na mashine kubwa, naye hawezi kumshinda kwa bei. Akishirikiana na wenzake kuuza jibini yenye jina, hapo huuza kitu ambacho uwanda wa chini hauna. Jina hilo ndilo mtaji wao. Tena ni mtaji dhaifu: maziwa ya wafugaji wengi huingia katika sufuria moja, na mmoja akileta maziwa mabaya, hasara haiwi yake peke yake.

SIKU YA PILI: MLIMANI

Asubuhi ya pili mgeni huvaa viatu vya mlima. Vibanda vinavyoning'inia kwenye waya wa chuma humpandisha juu ya mlima Cermis, upande wa kusini wa mji. Akishuka huko, njia ya miguu humfikisha kwenye viziwa vya Bombasel, vyenye maji meusi na baridi kali, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Njiani huona alama za rangi nyekundu na nyeupe zilizopakwa juu ya mawe na magogo. Alama hizo hazikujichora. Chama cha wapanda milima wa Trento, kilichoanzishwa mwaka 1872, ndicho kizitunzacho njia nyingi za mkoa huo, na kazi kubwa hufanywa na wanachama wake kwa kujitolea.

Katika vilele vya Lagorai mgeni hukuta pia mahandaki na mabaki ya kuta za mawe. Huko ndiko ulikopita mstari wa mapigano kati ya majeshi ya Italia na Austria kuanzia mwaka 1915 hadi 1917. Vijana waliganda kwa baridi mahali ambapo leo watu hukaa kula mkate wao na kutazama mandhari.

Chini kidogo ya vilele kuna malisho ya majira ya joto na vibanda vya wachungaji, viitwavyo malga. Mwezi wa Juni mifugo hupandishwa huko, na mwezi wa Septemba huteremshwa. Siku ya kuteremka ni sikukuu. Cavalese husherehekea kurudi kwa mbuzi, ambao hupita katikati ya mji wakiwa wamevishwa maua na kengele, huku watu wamejipanga kando ya barabara, na vyakula vya bonde vikiuzwa. Wageni huja kwa maelfu kuona jambo ambalo kwa mchungaji ni kazi ya kila mwaka.

Wakati wa baridi mchezo mkuu ni kuteleza. Mwezi wa Januari hufanyika mbio iitwayo Marcialonga, iliyoanza mwaka 1971. Washindani huvaa mbao nyembamba miguuni na kusafiri kilometa 70, wakianzia Moena, wakipanda hadi Canazei, kisha wakiteremka bonde zima. Mstari wa mwisho uko mjini Cavalese, baada ya kilima kikali ambacho huwakuta watu wakiwa wamechoka kabisa. Mashindano ya dunia ya michezo hiyo yamefanyika katika bonde hilo mara tatu, mwaka 1991, 2003 na 2013, na vijiji jirani vya Tesero na Predazzo vilichaguliwa kuwa vituo vya Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2026. Bonde la watu wachache halingeweza kubeba mizigo hiyo bila ya wenyeji kuacha shughuli zao na kujitolea kugawa chai, kuongoza magari na kusafisha njia usiku.

SIKU YA TATU: JEMBE

Siku ya tatu mgeni mwenye bidii huenda kwenye bustani iliyo karibu na kanisa kuu la mji. Humo, chini ya kivuli cha miti mikubwa, kuna meza ya mawe ya mviringo iliyozungukwa na safu mbili za viti vya mawe. Wenyeji huiita Banco de la Resón, jina lenye maana ya baraza la haki. Kwa karne nyingi wajumbe wa vijiji walikaa hapo kuamua mambo ya msitu na malisho, na kukata mashauri. Meza ni ya mviringo, hivyo hakuna aliyekaa mbele ya mwenziwe. Tena ilikuwa nje, hadharani, wala si chumbani.

Chombo kilichokaa kwenye meza hiyo kingali hai. Huitwa Magnifica Comunità di Fiemme, yaani Jumuiya Tukufu ya Fiemme. Asili ya haki zake ni mapatano ya mwaka 1111, wakati watu wa bonde walipopatana na Gebardo, askofu wa Trento, ambaye alikuwa mtawala wao pia. Askofu alizithibitisha haki na mila zao, nao wakakubali kumlipa kodi iliyotajwa. Tangu siku hizo utawala wa maaskofu umekwisha, Napoleon amepita, Austria imetawala na kuondoka, na Italia imeingia. Jumuiya imebaki.

Mali yake ni kiasi cha hekta 20,000, na sehemu kubwa ni msitu. Mwanachama huitwa vicino, neno lenye maana ya jirani. Hana hisa ya kuuza wala kipande chake cha kukiwekea ua. Haki yake hutokana na kuwa mtu wa bonde, kwa nasaba au kwa makazi ya miaka mingi, na kwa kuandikwa katika daftari. Akihama bonde, haichukui haki hiyo mfukoni kwenda kuiuza mjini. Kwa desturi hupata kuni, na mbao za kujengea nyumba yake. Vijiji vimegawanyika katika sehemu 11 ziitwazo regole. Kila sehemu huchagua mjumbe wake, na kiongozi wa wote huitwa Scario. Sheria ya Italia ya mwaka 2017 imetamka wazi kwamba ardhi za jumuiya za namna hii haziwezi kuuzwa wala kugawanywa.

Msitu huo hukatwa, maana msitu usiokatwa kamwe haumlishi mtu. Lakini mti hauangushwi ovyo. Kwanza mtaalamu hupita, huuchagua, na kuupiga alama kwa nyundo yenye muhuri. Mti usio na alama ya nyundo ni mti usioguswa. Magogo hupelekwa kwenye kiwanda cha mbao cha Jumuiya katika kijiji cha Ziano. Miti mingi ni ya jamii ya msonobari. Katika baridi ya huko hukua polepole sana, na michache kati yake huwa na nyuzi zilizonyooka na kulingana kiasi kwamba mafundi wa fidla na piano huitafuta kutoka nchi za mbali. Wenyeji husimulia kwamba Stradivari, fundi mashuhuri wa fidla wa mji wa Cremona aliyefariki mwaka 1737, alichukua mbao zake katika misitu ya nchi hiyo.

Kuhusu maziwa, hali ilikuwa hivi. Zamani katika vijiji vingi vya Alpi wafugaji walikusanya maziwa pamoja na kutengeneza jibini kwa zamu: leo katika zamu ya huyu, kesho ya yule, na kila mmoja akapata kadiri ya maziwa aliyoleta. Ilihitaji mizani na daftari, na mtu wa kuaminiwa kuandika. Kutokana na desturi hiyo vilizaliwa viwanda vya ushirika vya jibini, na kiwanda cha Cavalese ni kimojawapo. Wafugaji ndio wenye mali.

Mtu aliyeupa mkoa huo umbo la ushirika wa kisasa alikuwa padri aitwaye Lorenzo Guetti, aliyezaliwa mwaka 1847. Wakati wake wakulima wa Trento walikuwa wamebanwa na madeni, na maelfu walikuwa wakihamia Marekani. Mwaka 1890 padri huyo alianzisha katika wilaya ya Bleggio duka la kwanza la ushirika la aina iliyoitwa Familia ya Ushirika. Mwaka 1892 akaanzisha benki ya kwanza ya wakulima ya kuweka na kukopa. Mwaka 1895 vyama viliungana mjini Trento, naye akawa mwenyekiti wa kwanza wa muungano huo. Alifariki mwaka 1898, akiwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka minane tu. Hadi leo, katika vijiji vingi vya mkoa huo, duka ambalo mgeni hununulia mkate na jibini ni la Familia ya Ushirika, na benki ya kijiji ni ya wanachama.

SIKU MBILI ZA MSIBA

Sasa yafaa kusimulia yale ambayo vitabu vya watalii huyapitia haraka.

Tarehe 9 Machi mwaka 1976, kibanda cha waya kilichokuwa kikiteremka kutoka Cermis kilianguka. Nyaya mbili za chuma zilipishana vibaya, mmoja ukaukata mwingine uliokibeba kibanda. Watu zaidi ya 40 walifariki, wakiwamo watoto. Aliyeokoka alikuwa msichana mmoja tu. Uchunguzi ulionyesha jambo la kuumiza moyo kuliko kukatika kwa waya. Palikuwapo chombo cha usalama kilichowekwa ili kuusimamisha mtambo wenyewe pakitokea hitilafu. Chombo hicho kilikuwa kimezimwa. Baadhi ya wahusika walishtakiwa na kufungwa.

Tarehe 3 Februari mwaka 1998 waya wa Cermis ulikatwa tena, safari hii na ndege ya kijeshi ya Marekani iliyokuwa ikiruka chini kuliko kimo kilichoruhusiwa. Watu wote 20 waliokuwamo kibandani walifariki. Rubani alishtakiwa nchini mwake, na mahakama ya kijeshi haikumtia hatiani kwa vifo hivyo, jambo lililoacha uchungu mkubwa katika bonde.

Misiba hiyo miwili haifanani. Katika msiba wa pili watu wa Cavalese hawakuwa na la kufanya; balaa ilitoka angani kwa kosa la wengine. Katika ule wa kwanza, kinga ilikuwapo, imenunuliwa, imefungwa mahali pake, na mkono wa mtu ukaizima. Mkaguzi yeyote aliyewahi kufungua vitabu vya chama anaijua habari hiyo, hata kama hakuwahi kuona theluji. Chama hakikosi kanuni. Kanuni ya sahihi mbili kwenye hundi ipo. Kanuni ya kupima mizani kwa jiwe la kilo inayojulikana ipo. Kanuni ya kuhesabu fedha za kasha mbele ya mjumbe wa kamati ipo. Siku ya hasara hugundulika kwamba kanuni hiyo ilizimwa, pengine mwaka mzima nyuma, na mtu mwema asiye mwizi, kwa sababu ilikuwa inachelewesha foleni.

USIKU WA TUFANI

Jaribu la tatu lilikuja mwishoni mwa Oktoba mwaka 2018. Baada ya mvua kubwa, tufani iliyopewa jina la Vaia ilipiga milima ya kaskazini mashariki ya Italia. Katika usiku mmoja miti iliangushwa kama majani ya ngano mbele ya mundu. Kwa jumla kiasi cha hekta 42,000 za msitu ziliharibiwa katika mikoa ya kaskazini, na mbao zilizolala chini zilikadiriwa kuwa mita za ujazo zaidi ya milioni nane. Msitu wa Fiemme ulikuwa miongoni mwa iliyoumizwa.

Miti iliyokuwa imepangwa kukatwa kidogo kidogo kwa miaka mingi ilikuwa chini yote kwa pamoja. Bei ya magogo ikashuka, kwa kuwa kila mwenye msitu alikuwa anauza wakati ule ule. Tena mti ulioanguka hauwezi kungoja bei nzuri. Chini ya magome yake huingia mdudu mdogo atobolaye, huzaliana, kisha huruka kuishambulia miti iliyosimama. Katika miaka iliyofuata mdudu huyo alikausha sehemu nyingine kubwa za msitu katika nchi hiyo.

Mwenye shamba dogo angeuza kwa bei yoyote na kuhama. Msitu wa pamoja hauna pa kuhamia. Watu walipaswa kuondoa magogo, kufungua barabara, kupanda miche na kuacha mbegu za asili ziote, wakijua kwamba mti upandwao leo utapigwa nyundo na wajukuu au vitukuu. Wataalamu wengi hushauri kwamba msitu mpya uwe na aina mbalimbali za miti, maana msitu wa aina moja na umri mmoja huanguka kwa pigo moja. Wakati huo huo majira ya baridi yanapungua ukali, na kwa miaka kadhaa njia za mbio zimetegemea theluji ya kutengenezwa kwa mashine. Kwa hiyo watu wa bonde hawawezi kusema wamefika. Mgeni wa miaka 50 ijayo atakula na kutembea kwa kadiri ya maamuzi yanayofanywa sasa.

YANAYOWAHUSU MAKATIBU

Hakuna chama cha msingi kinachotakiwa kuiga Cavalese. Theluji haiagizwi, wala mapatano ya mwaka 1111 hayanakiliwi. Lakini yapo mambo manne ambayo katibu anaweza kuyatia mkobani na kurudi nayo.

La kwanza ni daftari la wanachama. Jumuiya ya Fiemme inajua nani ni jirani na nani si jirani. Chama ambacho daftari lake lina majina ya marehemu, waliohama na wasiojulikana, hakijui ni cha nani. Na mali isiyojulikana ni ya nani, haikawii kupata mwenyewe.

La pili ni jina la zao. Puzzone huuzwa kwa harufu yake na kwa uaminifu wa wale waliosubiri siku 90. Mwanachama anayetia mawe katika gunia, au anayechuma matunda mabichi pamoja na mabivu, hamwibii mnunuzi peke yake. Anatia uchafu katika sufuria ya wenzake wote, na mnunuzi akilikataa jina la chama, hatachagua mwema na mbaya.

La tatu ni meza yenyewe. Maamuzi ya msitu yalifanywa mahali ambapo mpita njia aliweza kuona na kusikia. Mkutano mkuu unaoitwa kwa kificho, na mahesabu yanayosomwa haraka saa ya watu kwenda nyumbani, ni meza iliyohamishwa kutoka chini ya mti kwenda chumbani.

La nne ni nyundo na chombo cha usalama. Nyundo huzuia mti usiostahili kuangushwa, na chombo cha usalama huzuia safari isiyostahili kuendelea. Vyote viwili huchelewesha kazi, na katika kuchelewesha huko ndimo mna faida yake.

Mgeni wa Cavalese huondoka siku ya nne akiwa na kipande cha jibini katika karatasi, nguo zake zikinuka kidogo, na miguu inayouma. Amekula mkate wa juzi uliogeuzwa kuwa karamu, na ametembea katika msitu ambao hakuna aliyekubali kuuuza. Mwenyeji amepona kwa ujio wake, kama wahenga walivyosema, kwa kuwa mgeni alimkuta na kitu ghalani.

Ndugu Makatibu, kila mmoja atakaporudi chamani, kabla ya kuandika barua yoyote au kuitisha mkutano wowote, na ajiulize swali moja mbele ya vitabu vyake: je, katika chama hiki, ni kanuni gani iliyozimwa ili foleni iende upesi? Pengine jibu lake linajulikana tayari. Basi na iwashwe leo, ingali mapema.